Kule Unapewa Maksi kwa Kuongea

Msimu wa fomu umefika tena. Kila simu unayoshika ina tangazo la ufadhili, kila mtu anatafuta mahali pa kuskani cheti, na kwenye vibanda vya fotokopi pale Custom foleni ni ya vijana wenye bahasha za kaki.

Tunaongea sana juu ya kuondoka. Barua ya maombi iandikwe vipi, nani atakusainia barua ya sifa, visa inachukua muda gani, koti la baridi linunuliwe Konyo Konyo au lingojewe kule kule. Sawa, hayo ni ya lazima. Lakini kile ambacho mtu anaenda kukifanya kule, yaani kukaa darasani, hatukiongelei kabisa. Tunadhani darasa ni darasa tu: ubao, mwalimu, daftari.

Si hivyo. Na maoni yetu, tunayasema wazi, ni kwamba kinachowaangusha wengi wetu kule si baridi wala si akili. Ni darasa lenyewe. Lina sheria ambazo hazijaandikwa popote, na sisi tumefundishwa kinyume chake tangu darasa la kwanza.

Kwa wale wanaotusoma mara ya kwanza: kundi letu limechanganyika. Kuna Wakongo wa Kivu na Ituri, kuna Warundi, kuna Wasudani waliokimbilia hapa baada ya vita vya Aprili 2023 kufunga vyuo vya Khartoum, wengine matokeo yao yamebaki picha kwenye simu. Na kuna wana wa nchi hii hii waliokulia Kakuma na kwenye makambi ya Uganda, wakarudi na Kiswahili chao. Wachache wetu wamesoma nje au wanasoma sasa hivi, na sauti zao za WhatsApp ndizo zilizotufanya tuandike.

Kwanza hilo neno "nje" tulielewe. Kwa vijana wengi wa Juba nje ni Kampala au Nairobi, sio Toronto. Na ukweli ni kwamba darasa la Kampala au Nairobi halitakushangaza sana. Vyuo vya Kenya vingi, mtihani wa mwisho unabeba maksi 70 na kati zinabeba 30. Anayetoka hapa kwenda Nairobi atashangazwa na kodi ya chumba kabla ya kushangazwa na mhadhara. Mshtuko tunaouongelea ni wa Kanada, Marekani na sehemu za Ulaya.

Hebu basi tuliangalie darasa la nyumbani, na tukisema nyumbani tunachanganya Juba, Goma, Bujumbura na Khartoum, kwa sababu katika hili tunafanana kama ndugu wa tumbo moja. Mwanafunzi unafika mapema si kwa sababu una bidii, ni kwa sababu viti havitoshi. Mko mia mbili, pengine mia tatu. Waliochelewa wanaandikia dirishani. Mhadhiri anaingia, Ustaz kwa wengine, Prof kwa wengine, anafungua karatasi zake ambazo zimekuwa njano, anasoma, mnaandika. Akisema nukta unaweka nukta. Ukiinua mkono kuuliza, nyuma watu wanaguna kwa sababu unawachelewesha, na mhadhiri mwenyewe anaweza kuona kama unamjaribu. Mwisho wa muhula unamrudishia kile alichokupa, vile vile alivyokupa. Ukikirudisha kizima umefaulu.

Sasa kule. Tusidanganyane, kule pia kuna kumbi kubwa za wanafunzi mia nne wa mwaka wa kwanza, na mtu anaweza kulala nyuma asijulikane. Lakini ukisonga mbele kidogo unakuta kitu kinaitwa semina. Watu kumi na tano wanazunguka meza. Kurasa sitini mlitumiwa wiki iliyopita mzisome. Mwalimu anaingia na kikombe chake cha kahawa, anakaa kama ninyi mnavyokaa, anasema mumwite kwa jina lake la kwanza, halafu anauliza: haya, mnaonaje?

Basi. Ndiyo somo lenyewe hilo.

Mwenzetu mmoja aliyefika Kanada akitokea Kakuma anasema alingoja wiki tatu somo lianze. Alidhani yale maongezi ni ya kupitisha muda mpaka wanafunzi wote wafike. Daftari lake lilikuwa jeupe kwa sababu hakuna aliyesema kitu cha kuandika, na vile wale vijana wa Kizungu walivyokuwa wakiongea aliona ni kukosa adabu: mtu hajasoma hata nusu ya makala, lakini anasema kwa sauti kubwa kwamba mwandishi amekosea. Mwisho wa muhula alipata maksi nzuri kwenye insha. Kwenye kushiriki, ambako kulikuwa na maksi 20, alipata 4. Hakukosa hata siku moja, na alikaa mbele. Maelezo ya mwalimu yalikuwa mstari mmoja tu, kwamba mwanafunzi huyu haonekani kuwa na hamu na somo.

Hana hamu! Mtu aliyefanya mtihani wa sekondari mara mbili, aliyesomea taa ya barabarani, eti hana hamu. Lakini tukiacha hasira pembeni, mwalimu yule hakumchukia. Kwake ukimya una maana moja, kwetu una nyingine. Kwetu anayenyamaza mbele ya mkubwa anamheshimu. Kule anayenyamaza hayupo.

Na sisi wakimbizi tuna sababu ya ziada ya kunyamaza, ambayo wafanyakazi wa mashirika wanaijua kuliko mtu yeyote, ila hatujawahi kusikia wakiihusisha na shule. Fikirini ni wapi kijana mkimbizi ameulizwa maswali na mtu mwenye kalamu. Kwenye kizuizi cha barabarani. Kituo cha polisi. Kwenye mahojiano ya kupewa hadhi ya ukimbizi, halafu mahojiano ya pili, halafu ya tatu. Huko kote amejifunza jambo moja: jibu fupi, usiongeze, usibadilishe. Tarehe uliyosema mwaka juzi iwe hiyo hiyo leo, maana ukisema "nafikiri" wanaandika kwamba huna uhakika, na ukibadilisha maelezo kidogo faili lako linarudi chini ya rundo. Kuna wenzetu ambao maisha yao yote yamesimama juu ya kutotofautisha maneno yao.

Halafu huyo huyo anapelekwa kwenye meza ya semina, na mtu mwenye kalamu anamwambia: jaribu wazo tu, hata kama huna uhakika, unaweza kulibadilisha baadaye. Mwili wote unakataa. Hii si aibu ya kijijini, kama wengine wanavyosema. Ni funzo la miaka kumi, na lilikuwa funzo zuri, kwa sababu ndilo lililomfikisha pale.

Kuna upande wa pili wa hilo ambao dada zetu ndio waliotuambia. Mmoja anasoma Ufaransa. Yeye hana shida ya kuongea, amezaliwa kwenye familia ya watu kumi Bukavu, kama hukuongea hukula. Lakini anasema darasani anaulizwa siku moja tu kwa muhula, siku ya Kongo. Siku hiyo wote wanamgeukia, nyuso zimekuwa laini, na mwalimu anasema labda mwenzetu angependa kutueleza alichokiona. Siku ya uchumi wa Ujerumani hakuna anayemgeukia. Maoni yetu: una haki ya kukataa kwa upole. Sema, leo ningependa kuongea juu ya ukurasa wa kumi na mbili kama wengine. Hukuvuka bahari kwenda kuwa kielelezo.

Tuje kwenye neno ambalo limewachanganya Wakongo wetu wote, neno silabasi. Nyumbani Kongo silabasi ni mali. Ni rundo la fotokopi lililobanwa pamoja, kozi nzima ya profesa iko ndani, na unalinunua. Usiponunua, kila mtu anajua kitakachokupata, hata kama sheria inasema vingine. Ndani ya silabasi kuna mtihani, na nje ya silabasi hakuna kitu. Sasa mwenzetu anafika Marekani, anasikia siku ya kwanza kwamba silabasi iko kwenye intaneti, bure. Anafurahi, anaipakua, anakuta kurasa tano. Tarehe za asaimenti, majina ya vitabu, sheria za kuchelewa. Anatafuta kozi yenyewe haioni. Alienda kuuliza kama kuna sehemu ya pili. Hakuna sehemu ya pili, ndugu. Vile vitabu vilivyotajwa ndiyo kozi, na hakuna atakayekusomea.

Kusoma kwenyewe ni kazi nyingine. Kule wiki moja unaweza kupewa kurasa mia mbili ukijumlisha masomo yote. Anayejaribu kuzisoma kama tulivyozoea, neno kwa neno, kwa kukariri, hatalala. Wenyeji wanasoma utangulizi, wanasoma mwisho, wanapekua katikati wakitafuta mwandishi anabishana na nani. Kwetu sisi kitabu kimoja kilisomwa na watu arobaini mpaka jalada likaisha, ukipata zamu yako unakinywa chote. Kuruka kurasa ni kama kumwaga chakula. Lakini kule usiporuka utazama.

Hapa tunakuja kwenye lililo baya zaidi, na tunaomba mlisome polepole, hasa mnaoondoka mwaka huu.

Nyumbani, ukiandika kwenye mtihani maneno ya mhadhiri jinsi alivyoyasema, hiyo ni heshima, na inalipwa kwa maksi. Kule, ukichukua maneno ya mtu ukayaweka kwenye insha yako bila kumtaja, huo ni wizi, na wanauita wizi. Insha yako inapitishwa kwenye programu kama Turnitin, ambayo inailinganisha na maandishi mengine na kupaka rangi kila sentensi iliyofanana. Mwenzetu mmoja, tusiseme nchi, aliandika kurasa nane nzuri kabisa. Alikusanya aya bora kutoka vitabu vinne, akaziunganisha vizuri, jinsi alivyofunzwa tangu sekondari kwamba usiweke maneno yako dhaifu pale ambapo mtaalamu ameshasema vizuri. Wiki mbili baadaye aliitwa mbele ya kamati. Watu watatu, meza ndefu, karatasi zake zimepakwa rangi. Anasema alipoiona ile meza hakusikia hata swali la kwanza, alirudi moja kwa moja kwenye mahojiano yake ya ukimbizi. Alinyamaza. Kamati ikaandika kwamba amekiri.

Hakufukuzwa, alipewa sifuri kwenye kozi. Lakini ufadhili wake ulikuwa na sharti la wastani wa maksi, na sifuri moja ilitosha kuuvunja. Leo anafanya kazi ghalani usiku, anajilipia kozi moja moja. Huyu ndiye kijana aliyekuwa wa kwanza katika darasa lake. Hakuna mtu, si huku si kule, aliyewahi kutumia saa moja kumwonyesha tofauti ya kunukuu na kunakili. Saa moja tu.

Mambo mengine ni madogo, tuyapite haraka. Maksi: Kenya 70 ni A, na Kongo ukipata 14 kwa 20 una distinksioni na familia inachinja kuku. Marekani asilimia 70 ni C, na aliyezoea kwetu anaweza kuituma nyumbani kama habari njema. Saa za ofisini: kule mwalimu anakaa ofisini masaa fulani kila wiki akiwangoja ninyi, na anashangaa hakuna anayekuja. Kwetu unagonga mlango wa mhadhiri ukiwa na jambo moja tu, maksi zako zimepotea. Nendeni mkagonge. Nendeni hata kama huna swali, sema hukuelewa ukurasa fulani. Wenzetu waliofanya hivyo wanasema ndipo walipopata barua zao za sifa za baadaye.

Sasa kuna mtu atasema: kumbe ninyi mnasifu Wazungu, darasa letu mnalidharau. La hasha. Kwanza, darasa la kuandikiwa lina sababu zake. Mhadhiri anasoma kwa sauti kwa sababu yeye ndiye maktaba. Chuo Kikuu cha Juba kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1977, mwaka 1989 vita vikakihamisha kwenda Khartoum, na hakikurudi Juba mpaka uhuru wa 2011 ulipokaribia. Miaka zaidi ya ishirini chuo kimeishi kama mkimbizi, sawa na sisi. Vitabu havisafiri vizuri wakati wa vita. Mshahara wa mhadhiri hapa unachelewa miezi, na ukifika bei ya unga imeshaukimbia, halafu tunamlaumu kwamba karatasi zake ni za njano.

Pili, kuna kitu chetu ambacho kule hakipo. Diskasheni. Si ile ya darasani, ile ya usiku, watu wanane kwenye fotokopi moja, mmoja anaeleza, mmoja anabisha, mmoja anachemsha chai. Wenzetu wa nje wote wanasema hicho ndicho wanachokikosa zaidi. Kule kila mtu anasoma peke yake na vidude vyake masikioni, na mkutano wa kundi lazima upangwe kwenye kalenda. Ajabu ni kwamba yule yule aliyekaa kimya semina nzima Kanada, usiku Kakuma alikuwa mbishi hakuna mfano. Ubishi tunao. Tunauacha mlangoni tunapoingia darasani.

Na tatu, msituambie kwamba kubishana na mwalimu ni mambo ya Toronto. Angalieni alikopitia John Garang. Hatutaki siasa hapa, kila mtu ana lake juu ya Garang, sisi tunaongea habari ya shule tu. Kijana yatima kutoka Sudan Kusini, vita vya kwanza vikamsukuma mpaka Tanzania akamalizia sekondari huko. Akapata nafasi Marekani, chuo cha Grinnell kule Iowa, akamaliza uchumi mwaka 1969. Angeweza kuendelea huko huko. Lakini alirudi Afrika kwanza, akaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Alichokikuta Dar es Salaam wakati ule hakikuwa uandikaji wa nukta na koma. Walter Rodney alikuwa amefundisha pale, na kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoifanya Afrika kuwa nyuma kilitoka mwaka 1972, kimezaliwa katika mabishano ya pale Mlimani. Kulikuwa na chama cha wanafunzi wa nchi nyingi, USARF, ambacho Yoweri Museveni alikuwa mwenyekiti wake, na ndimo Garang alimofahamiana naye. Kikundi hicho kilianzisha madarasa yao wenyewe siku za Jumapili. Hakuna maksi, hakuna cheti, hakuna posho. Mtu alipewa kitabu akisome, Jumapili asimame akieleze na wenzake wamchambue. Walikuwa na jarida lao, Cheche, lililopigwa marufuku mwaka 1970 pamoja na chama chenyewe, kwa hiyo msifikiri ilikuwa mchezo. Hawakungoja visa ili waanze kuuliza.

Kwa hiyo ninyi ndugu zetu wa mashirika, tunalo ombi, na tunalisema kwa heshima kwa sababu tunajua bajeti zenu zimekatwa na wengine wenu hamjui kama mtakuwepo mwakani. Lengo la UNHCR na washirika wake ni kwamba ifikapo 2030 asilimia 15 ya vijana wakimbizi wawe katika elimu ya juu. Mwaka 2019 ilikuwa asilimia 3, mwaka 2023 ikawa 7. Tunafurahi, kila namba hapo ni mtu tunayemfahamu. Lakini hiyo ni hesabu ya walioandikishwa. Kuandikishwa na kumaliza ni mambo mawili, na yule wa ghalani aliandikishwa.

Mafunzo ya kabla ya safari ambayo wenzetu walihudhuria yaliwafundisha kutumia eskaleta, kadi ya benki, jinsi ya kuvaa tabaka tatu za nguo. Kuna picha za theluji. Siku nzima ya mwisho ni mizigo na ndege. Chukueni siku moja kati ya hizo. Wapeni vijana makala halisi ya kurasa ishirini siku mbili kabla, kisha wawekeni kwenye meza na mtu awaulize, mnaonaje? Waacheni wanyamaze, waone wenyewe ukimya unavyosikika. Waandike ukurasa mmoja wenye kunukuu, mwonyesheni kila mmoja ni wapi programu ingepaka rangi. Na anayeendesha asiwe mgeni kutoka makao makuu, awe mmoja wa wenzetu walioko kule, kwa video. Gharama yake ni bando la intaneti.

Na msifikirie wanaosafiri tu. Darasa la nje siku hizi linakufuata kambini. Dadaab tangu 2013 wakimbizi walisoma chini ya Kenyatta na Moi pamoja na vyuo viwili vya Kanada, wengine wakiwa hawajawahi hata kuiona Nairobi. Chuo Kikuu cha Geneva kimefundisha Kakuma. Anayesoma kozi ya mtandaoni akiwa Gorom anakutana na sheria zile zile, tena bila mwenzake wa kumnong'oneza, na ukimya wa mtandaoni ni mbaya zaidi: kule kwenye semina angalau walikuona umekaa.

Sisi kwa upande wetu tumeshaanza. Kila Jumamosi saa kumi jioni tunakutana Gudele, watu hawazidi kumi na wawili, makala moja, fotokopi nne. Kuna sheria mbili. Ya kwanza, hakuna anayeongea mara ya pili kabla kila mtu hajaongea mara ya kwanza, hata kama ni kusema hukuelewa. Ya pili, ukipinga, taja ukurasa. Jumamosi mbili za mwanzo zilikuwa mateso, tuliangaliana kama watu wanaongojea maiti. Ya tatu, dada mmoja Mrundi na kaka mmoja wa Omdurman waligombana juu ya aya moja kuhusu ardhi, yeye kwa Kifaransa, yeye kwa Kiarabu, wengine tukitafsiri kwa Kiswahili, mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kuna nini.

Wanaoondoka Agosti tunawataka wote, wasichana kwanza kwa sababu mpaka sasa ni watatu tu. Wanaobaki pia. Mfanyakazi wa shirika akitaka kuja anakaribishwa, ila atakaa kwenye mkeka na sheria ya kwanza inamhusu. Makala ya wiki hii ina kurasa kumi na mbili, iko kwa kijana wa kibanda cha fotokopi, mwambieni ni ya kundi. Someni mpaka mwisho, wekeni alama pale mnapobisha. Mje na tochi, stima ya hapo huwa inakatika saa moja.